Mkono, gongo au glavu? Mizani inayowapima chipukizi wa besiboli wa Uganda

MWAKA 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers, mojawapo ya klabu tajiri zaidi katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, iliwasajili vijana wawili kutoka Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma. Baada yao, Pittsburgh Pirates ikamchukua David Matoma, kijana mwingine wa nchi hiyo jirani. Wote watatu walitia saini kandarasi wakiwa na kazi moja ya kufanya: kurusha mpira.

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya vile ambavyo limetazamwa kufikia sasa. Timu ya besiboli huwa na wachezaji tisa uwanjani, na mrushaji ni mmoja tu kati yao. Kuna mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, walinzi wanne wa ndani na watatu wa nje. Uganda ina vijana wanaocheza nafasi hizo zote. Mbona basi mlango wa Marekani ukifunguliwa, anayepita kwanza huwa ni yule mwenye mkono wa kurusha? Na je, kijana wa Wakiso au Mpigi ambaye kipawa chake ni kudaka, au kupiga kwa gongo, ana nafasi gani?

Jibu limo katika namna Wamarekani wanavyompima chipukizi. Wasaka vipaji wao hawaridhiki na kusema kwamba fulani ni hodari. Wana mizani yao, inayoanzia alama 20 hadi 80. Alama 50 ni kiwango cha mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. 80 ni ya mtu wa kutajwa na vizazi. 20 ni ya yule ambaye katika jambo hilo hafai kabisa. Chipukizi asiye mrushaji hupewa alama katika mambo matano: uwezo wa kuugonga mpira, nguvu ya kuupeleka mbali, kasi ya mbio, ustadi wa kulinda kwa glavu na nguvu za mkono. Aidha, msaka vipaji huandika alama mbili kwa kila jambo, moja ya leo na nyingine ya siku za usoni. Hiyo ya pili ndiyo yenye pesa, na ndiyo inayokosewa mara nyingi.

Baadhi ya mambo hayo matano hupimika kwa saa. Mpigaji wa mkono wa kulia akitumia sekunde 4.3 kutoka alipopigia hadi kituo cha kwanza, umbali wa mita 27 na ushei, hiyo ni kasi ya wastani. Mkono nao hupimwa kwa kifaa cha kunasa kasi, sawa na kile ambacho askari wa trafiki hukitumia kuwavizia madereva barabarani. Mtu asiyejua lolote kuhusu besiboli anaweza kukishika kifaa hicho, akasoma nambari na kupata jibu sahihi.

Uwezo wa kugonga mpira, hata hivyo, haupimiki hivyo. Mpira wa kasi wa ligi kuu huruka wastani wa maili 94 kwa saa, takriban kilomita 151, kutoka umbali wa mita 18 hivi. Unamfikia mpigaji baada ya sekunde 0.4. Katika muda huo, ambao ni mfupi mno, anatakiwa kuutambua mpira, kukisia unakoelekea na kuamua kama atalitupa gongo au ataliacha. Hakuna saa wala mashine inayoweza kutuambia leo kama kijana wa miaka 16 ataweza kufanya hivyo akiwa na miaka 23. Kinachosaidia ni kumwona akipiga mara mia kadhaa dhidi ya warushaji wazuri, msimu baada ya msimu, huku mtu fulani akiandika matokeo. Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoachwa nyuma, nasi tutarejea hapo.

Historia ya Gift Ngoepe inaonyesha gharama ya jambo hili. Ngoepe alizaliwa nchini Afrika Kusini mwaka 1990 na kulelewa Randburg, jijini Johannesburg. Mamake alifanya kazi katika klabu ya besiboli ya Randburg Mets, na familia iliishi katika chumba kilichokuwa ndani ya jengo la klabu hiyo. Kijana huyo alikulia kando ya uwanja, kihalisi. Mwaka 2008, akiwa katika kambi ya mafunzo ya MLB mjini Tirrenia, Italia, Pirates walimsajili. Nafasi yake ilikuwa ile ya mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambaye Wamarekani humwita shotistopu. Ni nafasi ngumu zaidi miongoni mwa walinzi wa ndani, na kila aliyemwona Ngoepe alikiri kwamba glavu yake ilikuwa ya ligi kuu tangu mwanzo.

Gongo ndilo lililomchelewesha. Alipanda ngazi moja moja katika ligi ndogo, mwaka nenda mwaka rudi, hadi Aprili 26, 2017, alipoitwa uwanjani Pittsburgh dhidi ya Chicago Cubs. Akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza katika ligi kuu. Alikuwa na umri wa miaka 27. Mpira wake wa kwanza aliupiga dhidi ya Jon Lester, mrushaji mwenye tajriba kubwa, na akafika kituoni salama. Msimu huo alifanikiwa mara 12 kati ya 54, yaani .222, ilhali wastani wa ligi ulikuwa .255. Mwaka uliofuata, akiwa na Toronto Blue Jays, alifanikiwa mara moja tu kati ya 18. Safari yake ya ligi kuu ikakomea hapo.

Tusiharakishe kuiita safari hiyo kushindwa. Wengi wa vijana wanaosajiliwa hawafiki ligi kuu hata kwa siku moja. Ila wenye klabu waliisoma kwa namna yao: glavu ilimfikisha Mwafrika mlangoni, gongo likamrudisha, na klabu ilikuwa imesubiri zaidi ya miaka minane. Mwafrika wa pili kufika ligi kuu, Tayler Scott wa Johannesburg, aliyeichezea Seattle Mariners mara ya kwanza mwaka 2019, alikuwa mrushaji.

Sasa tumtazame Dennis Kasumba, ambaye huenda ndiye mchezaji wa besiboli wa Uganda anayetambuliwa zaidi kwa sura. Video zake za mazoezi, akidaka na kurukaruka huku akitumia magurudumu makuukuu na vifaa vya kujitengenezea, zilitazamwa na watu wengi mno ulimwenguni. Yeye ni yatima aliyelelewa na nyanyake. Mwaka 2023 alifika Marekani na kujiunga na Frederick Keys ya jimbo la Maryland, mojawapo ya timu za ligi iliyoanzishwa mwaka 2021 ili kuwapa chipukizi nafasi ya kutazamwa na klabu za MLB. Wengi waliozizoea video zake walitarajia angetoka huko na kandarasi ya klabu ya ligi kuu. Haikuwa hivyo msimu huo.

Wapo waliolalamika kwamba alionewa. Mwandishi huyu haoni hivyo, ingawa anaelewa uchungu wao. Video ya mazoezi huonyesha mambo ambayo mchezaji anaweza kuyafanya peke yake: wepesi wa miguu, uharaka wa mikono, bidii, nidhamu. Kwa vipimo hivyo Kasumba hana la kuaibikia, na bidii yake ni ya kupigiwa mfano. Lakini kazi ya mdakaji haiko katika mambo ya kufanywa peke yake. Anadaka mpira wa maili 95 unaopinda wakati wa mwisho, kutoka kwa mrushaji aliyekutana naye asubuhi hiyo. Anapendekeza mpira wa aina gani urushwe, jambo linalomtaka ajue udhaifu wa kila mpigaji. Anazungumza na mrushaji aliyechanganyikiwa, kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Kuanzia msimu wa 2026, ambapo MLB imekubali kutumia mitambo kukagua uamuzi wa refa kuhusu mpira uliorushwa, mdakaji ni miongoni mwa watu watatu tu wanaoruhusiwa kukata rufaa papo hapo, wengine wakiwa mrushaji na mpigaji. Akikosea mara mbili, timu yake inapoteza haki hiyo. Huwezi kuyaona hayo katika video ya sekunde 40.

Kipimo kimoja cha mdakaji kinachosomeka kwa saa ni muda anaotumia kumzuia mwizi wa kituo. Saa huanza mpira unapotua kwenye glavu yake na kusimama unapomfikia mwenzake katika kituo cha pili, karibu mita 39 kutoka hapo. Sekunde 2.0 ni wastani wa ligi kuu, 1.9 ni nzuri sana. Tofauti ya moja ya kumi ya sekunde inaonekana ndogo hadi utambue kwamba mkimbiaji hodari hushinda au hushindwa kwa kiasi hicho hicho. Kipimo hiki ni muhimu kwa Mwafrika kwa sababu hakihitaji mpinzani wa kiwango cha juu. Kijana akirusha kwa sekunde 1.9 Mpigi, ni sekunde 1.9 hata Los Angeles.

Hebu tuseme kijana mdakaji ana mkono huo. Je, aachwe alipo? Besiboli ya Marekani imejibu swali hilo kwa njia tofauti, kulingana na hali ya gongo la kijana mwenyewe.

Bryce Harper alikuwa mdakaji alipokuwa kijana. Washington Nationals walipomchagua wa kwanza kabisa mwaka 2010, walimtangaza kuwa mlinzi wa nje. Hawakuwa na shaka na uwezo wake wa kudaka. Waliona tu kwamba gongo lake lilikuwa na thamani kubwa kuliko magoti yake, na mdakaji huchuchumaa zaidi ya mara mia moja kila mechi. Tena kujifunza udakaji kungemchelewesha. Harper alifika ligi kuu Aprili 2012 akiwa na miaka 19, na akatuzwa kuwa mchezaji bora mwaka 2015 na tena 2021. Baadaye, mwaka 2023, baada ya kufanyiwa upasuaji wa kiwiko akiwa na Philadelphia Phillies, alihamia kituo cha kwanza, mahali ambapo mkono haufanyi kazi nyingi. Kila alipohamishwa, gongo ndilo lililokuwa likilindwa.

Kenley Jansen wa kisiwa cha Curaçao alifuata njia ya pili. Alisajiliwa na Dodgers akiwa mdakaji, na bado alikuwa mdakaji alipoichezea Uholanzi katika mashindano ya dunia ya World Baseball Classic mwaka 2009. Mkono wake ulisifika, lakini gongo lilikuwa butu. Mwaka huo huo Dodgers wakamwambia avue vifaa vya mdakaji na kupanda kilima cha mrushaji. Julai 2010 alikuwa ligi kuu, na tangu hapo ameokoa mechi zaidi ya 400. Hata Mariano Rivera, Mpanama aliyeingia katika jumba la wanaotukuzwa mwaka 2019 kwa kura zote bila kupingwa, alikuwa akicheza shotistopu kwao kabla ya New York Yankees kumsajili kama mrushaji mwaka 1990 kwa pesa kidogo tu.

Njia ya tatu ni ile ya Ngoepe: kuachwa ulipo, kwa kuwa glavu yako ni ya thamani, na kungoja gongo likomae.

Kwa kijana wa Uganda, njia ya Harper karibu imefungwa. Si kwa sababu hana nguvu za kupiga, bali kwa sababu hakuna anayeweza kuzithibitisha. Katika Jamhuri ya Dominika klabu zote 30 za MLB zina vituo vyao vya mafunzo, na mtoto wa huko hupambana na warushaji wakali kabla ndevu hazijaota. Barani Afrika hakuna mtandao wa aina hiyo. Mvulana wa Uganda anaweza kuwa mpigaji bora wa shule yake na asiwahi hata siku moja kusimama mbele ya mpira wa maili 90. Msaka vipaji anayemtazama anajua hivyo. Ataandika alama ya leo kwa shaka, na ile ya kesho kwa kukisia tu.

Mchezo wa Baseball5, ambao umepangwa kuwa katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana jijini Dakar mwaka huu wa 2026, umesifiwa kama njia ya kueneza besiboli barani kwa kuwa hauhitaji glavu wala gongo. Mchezaji huupiga mpira wa raba kwa mkono. Ni mchezo mzuri, na unawafunza watoto kukimbia vituo na kulinda. Lakini hauna mrushaji. Mtoto anayeukulia huo pekee atafika umri wa kusajiliwa bila kujifunza lile jambo moja ambalo Wamarekani hushindwa kulipima na ambalo huwachukua miaka mingi kulifundisha.

Kwa upande mwingine, mrushaji huja na ushahidi wake mkononi. Wakenya tunalifahamu hili vyema kupitia kwa Julius Yego. Alipourusha mkuki mita 92.72 jijini Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, hakuna aliyeuliza alifunzwa na nani au alishindana na nani alipokuwa kijijini. Utepe ulikuwa umesema. Kifaa cha kunasa kasi humfanyia mrushaji wa Uganda kazi hiyo hiyo. Kikisoma maili 95, umaskini wa uwanja aliorushia haupunguzi hata nukta moja.

Kuna pia hesabu za fedha ambazo haziwekwi wazi sana. Kila klabu ya MLB imewekewa kiwango cha fedha inachoruhusiwa kutumia kila mwaka kuwasajili vijana wa nje, lakini malipo ya dola 10,000 au chini ya hapo hayahesabiwi katika kiwango hicho. Kijana Mdominika anayesifika huweza kulipwa mamilioni. Kijana Mwafrika mwenye mkono wa nguvu anaweza kupatikana kwa pesa ambazo klabu haitazihisi zikitoka mfukoni. Akifaulu, ni faida tupu. Asipofaulu, anarudi kwao na hakuna meneja atakayefutwa kazi kwa ajili yake. Wazazi na makocha wanaoshangilia kutiwa saini kwa kandarasi wanafaa kulielewa jambo hili, kwa sababu klabu isiyogharimika sana kumpata mtu haina sababu kubwa ya kumvumilia.

Uvumilivu wenyewe umepungua. Ngoepe alipokuwa akipanda ngazi, kila klabu ya ligi kuu ilikuwa na timu nyingi chini yake. Mwaka 2021 MLB ilipunguza timu hizo za ligi ndogo kutoka 160 hadi 120, na mwaka 2024 idadi ya wachezaji wa ligi ndogo ambao klabu moja inaweza kuwaweka nchini Marekani ikashushwa kutoka 180 hadi 165. Nafasi zilizofutwa ni zile za watu wa kungojewa. Mlinzi wa glavu nzuri na gongo la kusuasua ndiye mtu wa kungojewa. Ngoepe wa leo, akisajiliwa kwa masharti yale yale, huenda asipewe hata nusu ya miaka aliyopewa yule wa kwanza.

Je, hii ina maana kwamba makocha wa Uganda wawageuze vijana wao wote kuwa warushaji? Kishawishi kipo, na baadhi wataona kwamba ndiyo busara. Hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kasi peke yake humfikisha kijana kwenye kandarasi, lakini haimfikishi ligi kuu. Anahitaji kuuelekeza mpira anakotaka, na anahitaji mpira wa pili, ule wa kupinda au wa kupunguza mwendo, ili mpigaji asiusubiri ule wa kasi kwa starehe. Mambo hayo hufunzwa kwa kucheza mechi. Tena kiwiko cha mtoto hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Upasuaji wa kurekebisha mshipa wa kiwiko, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1974 na Dkt Frank Jobe kwa mrushaji Tommy John, ambaye jina lake upasuaji huo unaitwa hadi leo, humweka mchezaji nje kwa mwaka mmoja au zaidi. Klabu ya Marekani humgharamia mchezaji wake. Mvulana wa miaka 15 anayejivunja kiwiko akitafuta maili mbili zaidi kabla msaka vipaji hajafika, nani atamlipia?

Ipo pia alama nyingine isiyoandikwa kwenye karatasi za wasaka vipaji lakini inayozibadilisha zote: umri. Kijana wa nje anaweza kusajiliwa kuanzia miaka 16. Maili 90 kutoka kwa kijana wa miaka 16 ni habari ya kumpigia simu bosi usiku. Kutoka kwa mtu wa miaka 21, ni jambo la kawaida. Uganda inaijua gharama ya shaka hiyo. Mwaka 2011 watoto wake waliibuka mabingwa wa kanda yao nchini Poland na kufuzu kwa mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, wakiwa Waafrika wa kwanza kufanya hivyo. Walinyimwa viza kwa sababu ya dosari katika stakabadhi za umri. Timu ya Kanada ambayo ingekutana nao ilisafiri hadi Uganda mapema 2012 ili mechi ile ichezwe, na Waganda wakashinda 2-1. Agosti mwaka huo timu ya Lugazi ikafika Williamsport na kuwashinda watoto wa Oregon 3-2. Mwaka 2015 Uganda ilirudi na kuilaza Jamhuri ya Dominika, nchi hiyo hiyo yenye vituo vya klabu zote 30, mabao 4-1.

Matokeo hayo hayapaswi kusahauliwa tunapopima vipaji. Watoto wa miaka 12 wa Uganda hawakuachwa nyuma na wenzao, wala hawakushinda kwa kurusha pekee. Walipiga, walidaka, walikimbia vituo. Pengo hufunguka baada ya hapo, kati ya miaka 12 na 17, wakati Mdominika anacheza karibu kila siku na Mganda anasubiri mashindano ya shule. Ni kipindi hicho ambacho gongo hujengwa, na anayekikosa huwa haachiwi chochote isipokuwa mkono aliozaliwa nao.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mdakaji wa aina ya Kasumba asihamishwe upesi kutoka nyuma ya mpigaji. Ndiyo nafasi pekee, ukiondoa ile ya mrushaji, ambayo gongo dhaifu husamehewa. Klabu huhitaji wadakaji wengi katika ligi ndogo, maana kila mrushaji anayefanya mazoezi lazima awe na mtu wa kumdakia, na wanaoikubali kazi hiyo ya kuumiza vidole na magoti si wengi. Apimwe muda wake wa kurusha hadi kituo cha pili, mara nyingi, siku tofauti, na uandikwe. Apimwe pia kasi ya mkono wake akiwa kilimani. Ukikaribia maili 95, basi hadithi ya Jansen ielezwe mbele yake na mbele ya walezi wake bila kufichwa, aamue mwenyewe akiwa anajua anachokiacha. Ukiwa wa wastani, abaki mdakaji, ajifunze Kiingereza na Kihispania cha uwanjani, na acheze mechi nyingi iwezekanavyo hata kama hakuna kamera.

Daftari la mechi hizo ni la thamani kuliko video yoyote: nani alirusha, kwa kasi gani, mpigaji alifanya nini, siku gani. Mpigaji wa Uganda mwenye mechi 200 zilizoandikwa kwa uaminifu, na cheti cha kuzaliwa kisicho na mushkili, atakuwa amempa msaka vipaji kitu ambacho hadi sasa hakijapatikana kwa urahisi katika ukanda huu.

Kwa sasa warushaji wataendelea kutangulia. Msaka vipaji akitua Entebbe, kifaa cha kunasa kasi ndicho kitakachotolewa kwanza mkobani, na vijana watapanga foleni kilimani. Lakini mipira yao yote itaishia kwenye glavu ya mvulana mmoja aliyechuchumaa mita 18 mbele yao, ambaye siku hiyo atadaka mingi kuliko ambavyo yeyote kati yao atarusha. Msaka vipaji atakuwa akimwona muda huo wote, hata kama hakumjia yeye.